Tweddle Avamia Kizimba cha Bi Garbutt

Sogeeni, enyi wenye masikio mapana, na wenye midomo mipana waifumbe. Maana leo navisimulia vita vilivyoutikisa Skelderby, mji wetu wa kondoo na mvua kaskazini mwa Uingereza. Ewe kamba ya kupimia, ewe vumbi la chokaa, nipeni pumzi nimtaje Ambrose Tweddle, Simba wa Rula, Mfalme wa Madirisha Yaliyochongoka, msanifu majengo ambaye sifa zake zilivuma hadi ng'ambo ya mto, zikachoka, zikarudi nyumbani.

Alijenga shule, ikachongoka. Akajenga soko, likachongoka. Akajenga banda la kabaila mmoja, nguruwe wakapata madirisha ya kikanisa wasiyoyaomba. Na kanisa letu, lililostahimili karne saba za upepo na askari, halikumstahimili Tweddle miaka miwili: alizikwangua kuta zikabaki mifupa, akaing'oa sakafu ya wahenga, kisha tendo hilo akaliita kurejesha ukale.

Kikasalia kizimba kimoja. Zamani kila ukoo wenye uwezo ulisali ndani ya kizimba chake cha mwaloni, kina mlango na ufunguo, majirani wasione nani anasinzia. Vyote Tweddle alishavifanya kuni, isipokuwa cha ukoo wa Garbutt, kilichosimama katikati ya kanisa kama jino la mwisho kinywani. Na Jumapili Askofu alikuwa anakuja kukagua. Akipendezwa, Tweddle angekuwa msanifu wa jimbo zima, makanisa mia mbili chini ya makucha yake; asipopendezwa, arudi kwa nguruwe.

Basi shujaa akatoka kwenda vitani, bisibisi mkononi, Jabez seremala nyuma yake. Ngomeni alikuwamo Bi Keziah Garbutt, mjane, miguu juu ya tofali lililopashwa moto kufukuza baridi, anafuma soksi.

"Ewe mama wa kale," akanena Tweddle, "mimi niliyezivua kuta joho la lipu, nakuamuru kwa jina la Sanaa, ondoka, nuru ipite."

"Nuru ipi, mwanangu? Umetuwekea vioo rangi ya maini, hata sindano siioni."

"Historia inakutazama."

"Na itazame tu, si haramu. Babu yangu alisinzia katika mahubiri yote humu hadi akafa. Mimi bado sijamaliza ya kwangu."

Jabez akacheka ndani ya ndevu. "Bwana Tweddle, tumbebe na soksi zake?"

"Nishike uone, Jabez. Nitamweleza mama yako umenishika wapi."

Jabez akakumbuka ana kazi nje.

Mazingiwa yakaendelea wiki nzima, mjane akija asubuhi na pai yake ya nguruwe, akiondoka jioni na ufunguo wake. Hata Ijumaa, alipotoka kidogo kwenda haja, Tweddle akairukia bawaba. Lo, mapambano gani yale! Skrubu ilikuwa ya enzi za mababu, imeoana na kutu. Akasukuma, akaguna, akaita mbingu, jasho likamchuruzika hadi kwenye kola, na mwishowe ikang'oka. Skrubu moja.

"Umemaliza?" Bi Garbutt akauliza mlangoni. "Haya, nipishe nikae."

Jumapili Askofu akaingia, akazitazama kuta zilizokwanguliwa, uso ukamkunjamana.

"Nani ameliua kanisa hili?"

Tweddle akawa mweupe kama chokaa. Askofu akasogea, akaupapasa mwaloni wa kizimba kama mtu aliyemkuta ndugu yake hai.

"Walau hiki kimeachwa. Wasanifu wa siku hizi wangekichoma. Nani amekiokoa?"

"Ni mimi, Baba Askofu," akasema Tweddle, bila hata kumeza mate. "Nimekipigania wiki nzima."

"Na kuta?"

"Mafundi, Baba. Niligeuka kidogo tu."

Jabez akakohoa. Bi Garbutt hakuinua macho kwenye soksi. "Kukipigania, amekipigania, Baba Askofu. Skrubu yangu anayo mfukoni."

Askofu akamgeukia Tweddle. "Hata skrubu unazikagua mwenyewe?"

"Moja moja, Baba."

Hivyo ndivyo Ambrose Tweddle, ambaye katika maisha yake yote aliacha kitu kimoja tu kikiwa kizima, na hicho kwa kushindwa, alivyotawazwa msanifu wa jimbo. Mwandikeni, enyi wanahistoria, kwa herufi zilizochongoka. Nanyi makanisa mia mbili, kila moja litafute mjane wake, limkalishe mapema.