Dawa ya Kuamsha Mashina

Riziki ilipita mbele ya Yunusi saa nne asubuhi, pale Nachingwea sokoni, ikiwa imejifunga khanga na kulalamika kwa sauti kubwa.

Yunusi alikuwa amekaa kibarazani kwa fundi cherehani, akifanya kazi pekee iliyombakia tangu afukuzwe: kutazama wapitao. Kabla sijafika mbali niseme kweli. Yunusi huyu ni mimi. Lakini mniruhusu nimwite yeye, maana kila nikisema "mimi" katika habari hii mkono wangu unapanda kichwani wenyewe, na kichwani siku hizi hakuna cha kushika.

Alikuwa dobi kwenye kambi ya Wazungu waliokuja kulima karanga. Wenzake walipunguzwa kazi kwa sababu karanga zilikataa kuzaa. Yeye alifukuzwa kwa sababu kaptula ilikataa kukunjika. Alikuwa ametia wanga wa muhogo mwingi mno katika kaptula ya Mzungu mmoja, na bwana yule akasimama mkutano mzima kama mlingoti, hana namna ya kukaa. Yunusi akatoka kambini na debe la wanga na nywele zake.

Nywele hizo zenyewe zilistahili kulipwa mshahara. Zilikuwa ndefu mpaka shingoni, za mawimbi na vipete, na kwa jinsi alivyozoea kufuta jasho kwa mikono yenye wanga, mashina yake yalisimama wima, kichwa kikaumuka kama andazi. Vinyozi wa Nachingwea walipomwona walishika wembe kwa uchungu.

Sasa wanawake wale. Mmoja msichana, Zaina, mwenye nywele za vipete zilizomfika mgongoni. Mwingine mama mdogo wake, Bi Swaumu, mwanamke wa kifua kipana na maneno mapana. Walitoka Ruangwa kununua vitu vya harusi ya Zaina. Babu yao alikuwa mchuuzi Mwarabu aliyepita huko kununua nta, akaacha nywele na asiache kitu kingine. Ila kwao ukoo hufuata mama, kwa hiyo walikuwa Wamwera watupu.

"Nitatokaje mbele za watu, mama mdogo?" Zaina alisema. "Chini zimejaa, juu zimelala kama mkeka. Wifi amekwisha kutangaza kwamba kaka yake anaoa sufuria lenye mfuniko."

"Wifi yako mwenyewe nywele zake unaweza kuzihesabu ukiwa umesimama. Paka mafuta."

"Nimepaka chupa nzima! Ndiyo kwanza zimelala fofofo."

Yunusi akakohoa kikohozi cha mtu mwenye elimu.

"Shikamoo mama. Dada, usizilaumu nywele. Nywele hazina kosa, mashina ndiyo yamesinzia."

"Marahaba. Na wewe nani, unayechuma maneno ya watu njiani?"

"Mganga wa nywele, mama. Hebu tazama mwenyewe." Akavua kofia. Andazi likaumuka. Zaina akashika mdomo.

"Mganga wa wapi?" Bi Swaumu aliuliza.

Hapa ndipo mjanja wetu alipoonyesha akili yake yote, na mtaona ilikuwa kiasi gani. Angesema Lindi, alikozaliwa. Lakini Lindi kila mtu ana mjomba. Akatafuta mji wa mbali, ambao hakuna atakayekwenda kuuliza.

"Songea. Mimi Mngoni, mama. Dawa hii niliachiwa na bibi yangu."

Uso wa Bi Swaumu ukafunguka kama dirisha. "Mngoni! Zaina, umesikia? Kumbe mtani wetu!"

"Mtani!" Zaina akapiga makofi.

Wangoni na Wamwera walipigana zamani, na vita vilipokwisha wakabakia na utani. Mtani atakutukana, atakuchukulia kuku wako mbele ya macho yako, nawe huna ruhusa ya kununa. Yunusi aliyajua hayo kwa kuyasikia. Ila aliyafikiria upande mmoja tu, kwamba wao hawatanuna.

Wakapatana. Siku ya harusi aje Ruangwa, aamshe mashina ya bibi harusi na ya ndugu zake sita. Malipo yatakuwa madebe mawili ya ufuta na beberu.

Akafika asubuhi na mapema na chungu cha wanga. Alikuwa ametia karafuu ili unukie, na bluu ya kufulia ili usifanane na uji. Akawaamuru waoshe mafuta kwa ndimu, kisha wainamishe vichwa, nywele zining'inie mbele. Akapaka mashina, akapepea kwa ungo, huku akinuiza maneno ya Kingoni aliyoyatunga palepale. Mengi yalikuwa majina ya vipuri vya trekta.

"Mtani, shingo inauma!" alilia mmoja.

"Hiyo ni dawa inaingia. Gasiketi, gasiketi, kabureta."

Walipoinua vichwa, nyumba nzima ilipiga vigelegele. Nywele za Zaina zilikuwa zimesimama utosini, kisha zikamwagika mgongoni kama maji ya mfereji. Alishika kioo, akajitazama, machozi yakamlengalenga. Yunusi naye nusura alie. Kwa muda mfupi aliamini dawa yake mwenyewe, na mjanja akifika hapo ajue amekwisha.

Akapokea ufuta, akafunga beberu wake kamba, akaenda kusubiri lori la Nachingwea barabarani. Lori likachelewa.

Waliogundua mwanzo walikuwa kuku. Jua lilipopanda, wanga ulikauka, ukapasuka, ukaanza kumdondoka Zaina mabegani vipande vipande, mithili ya ukoko wa ugali. Jogoo mmoja akaonja. Akawaita wenzake. Zaina alipokimbia kuvuka ua, kuku kumi na mmoja walimfuata kwa adabu kama wapambe. Kicheko cha wifi kilisikika mpaka barabarani, na Yunusi alipokisikia akauacha ufuta, akaanza kumsukuma beberu waende kwa miguu.

Hakufika mbali. Vijana wakamrudisha amebebwa, beberu akimfuata nyuma.

"Kwa liwali!" walisema wanaume. "Tapeli huyu, akafungwe!"

"Ngojeni," alisema Bi Swaumu. Sauti yake ilikuwa tamu, na Yunusi akaiogopa kuliko zile kali. "Baba, hebu niambie tena. Wewe kabila gani?"

Yunusi akamtazama. Akawatazama wanaume.

"Kwa sababu," Bi Swaumu aliendelea, "kama wewe si Mngoni, basi umekuja kutuibia, na njia ya kwa liwali unaiona ile. Lakini kama Mngoni, hapana kesi. Ulichotufanyia ni utani. Nasi tutakufanyia utani."

Hajapata kutokea Songea nzima Mngoni aliyekuwa Mngoni kama Yunusi alivyokuwa adhuhuri ile. Aliapa kwa bibi yake, kwa mama wa bibi yake, na kwa kabureta.

"Vizuri, mtani," alisema Bi Swaumu. "Adinani! Leta wembe."

Adinani, kinyozi wa pale, alikuja akitabasamu kama mtu aliyeitwa kwenye pilau. Yunusi alipoelewa alipiga yowe.

"Mama, chukueni ufuta! Chukueni beberu!"

"Hivyo tumekwisha kuchukua. Inamisha kichwa. Shingo ikiuma, hiyo ni dawa inaingia."

Akanyolewa kavu, mpaka utosi ukang'aa. Nywele zikaangukia kwenye khanga, wala hakuna aliyezitupa. Bi Swaumu alizifua mara tatu, akazikausha juani, akazishona ndani ya kitambaa chepesi kama mto mdogo. Akamwosha Zaina kichwa. Kisha akauweka ule mto utosini pake, akazilaza nywele za Zaina juu yake, akazibana kwa pini.

Alasiri bibi harusi akatoka. Kichwa kilipanda, vipete vikashuka, na jua lilipompiga hakuna kilichodondoka. Wifi aliwatazama kuku, na kuku wakaendelea kuchakura.

Zaina alipita karibu na Yunusi aliyekaa kivulini na wali wake, maana mtani hanyimwi chakula.

"Ahsante, mtani," akamnong'oneza. "Dawa yako ni ya kweli kabisa. Ila mashina yalikuwa yako."

Nywele za Yunusi hazikurudi. Zilichungulia kidogo, zikaona aibu, zikajiondokea. Lakini watu wa Ruangwa hawakumwacha. Wakifiwa wanamtumia habari, kwa sababu mtani lazima aje msibani kuwachekesha wafiwa, na Yunusi huenda, maana siku akikataa, ile njia ya kwa liwali bado ipo.

Basi nimekuwa Mngoni mwaka wa nane sasa. Songea kwenyewe sijafika.