Sumu Kwenye Birika la Thrupp

Jumatatu, 2 Novemba 2009. Kingsbury, London.

Mvua. Soksi zote mbili zimelowa. Lakini mambo yangu yanaiva.

Mardhiya kapiga simu. Mama yake kafika kutoka Unguja, na kila mtu anajua amekuja kufanya nini. Amekuja kuniangalia mimi. Akiniridhia, nitapeleka posa. Asiponiridhia, basi tena, maana Mardhiya ni nesi anayeamrisha wodi nzima, lakini kwa mama yake bado ni mtoto.

Tatizo ni Thrupp.

Alwyn Thrupp ni mwongozaji wa filamu, Mwingereza, jina lake kama mtu anayekohoa. Mardhiya anampenda kupita kiasi. Siku tulipojuana, harusini Harrow, aliniuliza kama ninamfahamu. Mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nikasema nimeziona filamu zake zote, nyingine mara mbili. Sijaona hata moja. Na sasa sinema ndogo ya Harrow inazionyesha wiki nzima.

Nimemwuliza Mama Pushpa, mwenye nyumba wangu, mjane wa Kigujarati mzaliwa wa Mwanza. Akasema aliwahi kuona moja, mtu alikuwa anasubiri basi. Nikamwuliza basi lilikuja? Akasema hajui, alitoka kwenda kununua bamia.

Jumatano, 4 Novemba.

Nimeazima filamu ya Thrupp maktaba, nijiandae. Mwanamke anamenya viazi. Nikalala. Nikaamka, viazi bado. Nikalala tena.

Nikaingia kwenye mtandao kusoma watazamaji wanasemaje. Wamegawanyika. Mmoja kaandika kwamba alilia mpaka shati likalowa. Mwingine anataka arudishiwe jioni yake. Wataalamu wanasema ukimya wa Thrupp unazungumza. Hiyo nimeikariri. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, nimeshika kidevu.

Jioni Mardhiya kapiga tena. Kesho wamembadilishia shifti, hawezi kwenda sinema. Kaniomba nimpeleke mama yake na nimtafsirie, kwa sababu Mama hajui Kiingereza na anataka kuona kitu ambacho binti yake anakipenda. Nikamwuliza, kwa sauti ya mjuzi mwenzake, hasa anapenda nini humo. Akasema kazini kwake kila kitu kinatokea, tena kwa pamoja. Kwa Thrupp hakuna anayekufa, hakuna anayemwita, anakaa tu akapumua. Nikasema ukimya wake unazungumza. Akasema ndiyo.

Nimeshinda.

Alhamisi, 5 Novemba.

Niandike kwa mpangilio.

Tulikwenda watatu. Mama Pushpa alikuja kwa ajili ya heshima, na pakiti ya chevda, vitafunio vya Kihindi, mkobani. Mama wa Mardhiya ni mwembamba, mpole, buibui safi, macho ya mtu anayechagua nazi sokoni. Aliniuliza kuhusu wazazi wangu Tanga na kazi yangu. Nikasema niko kwenye usafiri wa anga. Ni kweli. Nasukuma vitoroli vya mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow.

Filamu inaitwa Mita ya Gesi. Mjane yuko jikoni. Mtu wa gesi anakuja kusoma mita, anakaribishwa chai. Basi. Na wote ni watu wa kaskazini. Miaka yote hii London, Kiingereza cha kaskazini bado nakisikia kama mtu anaongea huku anatafuna. Mama akaniuliza wanasemaje. Nikasema wanasalimiana. Akauliza tena. Nikasema bado wanasalimiana.

Ndipo fataki zikaanza nje. Leo ndiyo ile sikukuu yao ya kulipua baruti. Mama akanishika mkono, vidole vyote. Mtu aliyekuwa Unguja mwaka sitini na nne haisikii milio hiyo kama wewe na mimi. Akaniuliza nani anapiga. Nikamwambia hapana Mama, ni kwenye filamu, ni vita, viko mbali na vinakwisha. Mkono ukalegea.

Naapa hapo nilikuwa na nia njema. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana.

Lakini akauliza vita gani, na huyu mwanamume anahusikaje. Nikasema ndiye kaka wa marehemu, karudi kutoka vitani kudai nyumba ya urithi, na shemeji yake hamtambui. Mama akasogea mbele ya kiti. Mjane akamimina chai. Nikasema birikani mna sumu. Ulimi ulikwenda wenyewe. Mama akamwambia yule mtu wa gesi, kwa sauti, kwamba asinywe. Waingereza wakageuka. Mama mmoja wa safu ya nyuma, nadhani wa Mombasa, akaniinamia akaniomba niongeze sauti, kapitwa na sehemu ya urithi.

Mtu wa gesi akanywa. Hakufa. Akaongezwa kikombe. Nikalazimika kueleza kuwa ni sumu ya polepole, ya kizungu. Mwisho mjane anaosha vikombe, dakika nyingi sana. Nikasema anajuta. Mama akalia. Mama wa Mombasa naye akalia. Kijana Mwingereza aliyekuwa mbele yetu alikuwa analia pia, sijui yeye kwa sababu gani.

Tulipotoka Mama aliniita mwanangu. Mama Pushpa kasema hajawahi kumfurahia Thrupp kiasi hiki, na kwamba mimi nitakuja kuchomwa moto.

Ijumaa, 6 Novemba.

Balaa. Mama kamsimulia Mardhiya filamu nzima wakati wa kifungua kinywa. Mardhiya kapiga simu, sauti ya kiwodi. Kauliza sumu imetoka wapi. Nikasema Thrupp ana mafumbo, kila mtazamaji anakunywa kwa kikombe chake. Kisha akasema Mama anataka kuirudia kesho, waende pamoja, ili na yeye binti aione hiyo sumu.

Nikasema nimesikia sinema imefungwa, kuna panya. Akasema kapita hapo sasa hivi, iko wazi.

Nikasema basi nami nitakuja. Nitakaa katikati yao na kukohoa penye hatari.

Jumamosi, 7 Novemba.

Hawakuniweka katikati. Nilikaa pembeni, karibu na ukuta.

Mardhiya alitafsiri neno kwa neno, taratibu. Anauliza kama anataka sukari. Anasema sukari kidogo. Anasema baridi imezidi mwaka huu. Mama akauliza wanajeshi wako wapi. Mardhiya akasema hakuna wanajeshi. Shemeji je? Hakuna shemeji, huyu ni mtu wa gesi. Nilikohoa mpaka mfanyakazi wa sinema akaniletea maji. Mama hakuuliza tena. Alitazama mpaka vikombe vikaoshwa vyote.

Tukasimama kituo cha basi. Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema ananishukuru kwa zile fataki, amekuja kujua baadaye zilikuwa nini. Kwa hilo ananiombea dua. Lakini alikuja kutafuta mkwe, na mtu anayeweza kudanganya filamu nzima sauti isitetemeke, binti yake atajuaje siku gani amekwenda kazini na siku gani hakwenda? Wanasema njia ya mwongo ni fupi, akasema, ya kwako mwanangu ndefu mno. Jibu ni hapana.

Nikamtazama Mardhiya. Alisema hakutaka mjuzi wa Thrupp. Alitaka mtu wa kukaa pembeni yake akanyamaza. Hata kama angelala, alisema, asingejali, angemfunika koti.

Niliumia. Naandika wazi, niliumia. Mimi ambaye nalala kwa Thrupp bila hata kujitahidi. Nimerudi kwa miguu mpaka Kingsbury. Mama Pushpa kanipakulia wali na bamia.

Jumatatu, 9 Novemba.

Nimewaza sana. Nimeamua kubadilika. Sitadanganya tena.

Mchana simu ya Mama Pushpa ikalia, akanipa. Alikuwa mama yake Mardhiya, walipeana namba siku ile ya sinema. Binti yake yuko kazini, alisema, na nisidhani amebadili mawazo, hapana ni hapana. Ila hapati usingizi. Filamu ya Mardhiya haina mwisho, watu wanakunywa chai tu. Anataka kujua ile ya kwangu. Ile nyumba mwishowe aliipata nani?

Nikakaa kwenye ngazi nikafikiri. Mama wa watu hapati usingizi. Ni ukatili kumwacha hivyo.

Nikamwambia yule kaka alipona, wakapatana. Lakini nyumba ya pili kuna mpangaji, sinema ilimkata kwa makosa. Ni mtu wa pwani, mchapakazi, yuko kwenye usafiri wa anga, na watu wamemwelewa vibaya. Mama akauliza, huyo ni mkweli? Nikasema mkweli wa kupindukia, ukweli wake ndio unaomponza. Nikaeleza jinsi mama mmoja mwenye busara, mgeni, alivyokuja kuligundua hilo, akalia, akamwomba radhi, akamwita aje na wazee wake.

Kimya. Ukimya wa Mama unazungumza. Nikaendelea mpaka kwenye mahari kabla sijagundua kuwa simu imekatika zamani.

Mtandao wa Kingsbury ni mbovu sana. Kesho nitampigia mwenyewe, nianzie kwenye posa.