Vita vya Leona na Bafu Lisilo na Kuta

Sogeeni, enyi nyote mlipao kodi ya majengo, wenye paa linalovuja na wenye paa la mkopo. Wekeni vijiko chini, zimeni televisheni, niwasimulie habari za Leona Hrabovsky, mjane wa myeyusha chuma, simba jike wa mtaa wetu wa mlimani hapa Pittsburgh, na siku aliyoishukia wilaya kwa vita. Mimi jirani yake nilikuwepo, maana gari lilikuwa langu.

Hata yalipowadia majira ya kuchipua, wilaya ikatangaza kwamba nyumba ya Leona imepanda thamani, kwa kuwa ina bafu la pili chini ya ardhi. Na bafu lenyewe, jamaa zangu, ni choo kimoja cheupe kilichosimama peke yake katikati ya chumba cha chini, bila ukuta, bila mlango, bila haya, kama vyoo vilivyo katika nyumba zetu zote za zamani, ambamo baba zetu walirudi kutoka kiwandani na masizi yao, wakajisitiri huko kabla ya kuruhusiwa kukanyaga zulia. Thamani ikipanda, kodi hupanda. Pensheni ya Leona haijui kupanda. Mwanawe aliyeko Florida alikwisha kusema nyumba iuzwe. Humo ndimo alimozalia, humo ndimo alimofiwa, na aliogopa sana kuitoka.

Basi akavaa koti lake la kanisani, deraya ya sufu, tukateremka mjini. Kwenye baraza la rufaa za kodi waliketi watatu, na mkubwa wao alikuwa kijana mwenye tai, jina lake Terrence.

"Bi Leona," akanena, "hicho choo kina maji?"

"Kina."

"Ukivuta, yanashuka?"

"Kuliko cha juu."

"Basi ni bafu, mama. Tufanyeje?"

Leona akainuka, akashika kiti kama ashikaye ngao.

"Mwanangu, kesho karibu nyumbani. Nitakupikia pierogi ule ushibe. Halafu ushuke ukakae pale. Mimi nitakuwa hatua mbili tu kutoka kwako nafua nguo, na jirani yangu huyu atakuwa anatafuta nyundo, kama kawaida yake. Ukimaliza haja yako, andika ni bafu. Nitalipa, wala hutanisikia nikilalamika."

Kijana akalegeza tai. Mama aliyeketi kando yake alikuwa ameinama, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Usiende, Terrence," akasema. "Hata kwetu kipo. Hodi yenyewe haina pa kupigwa."

Kijana akatwaa kalamu, akalifuta bafu.

Na waandike waandikao historia ya mji huu kwamba siku ile nyumba ilishushwa thamani hadharani, na mwenyewe akatoka kifua mbele kama malkia aliyetawazwa. Garini akampigia mwanawe simu.

"Nyumba imeshuka bei, mwanangu," akasema, huku machozi yakimtoka. "Haifai kuuzwa. Nakaa."