Mzambarau wa Mama na Ndoo Ishirini

Jumatatu, 3 Machi
Bwana Miti wa manispaa kapita. Kasema mtaani kwetu umebaki mche mmoja tu, na shimo lake pana la kunywa maji ya mvua. Ni kwangu au kwa jirani yangu, Fundi Cherehani. Lazima uwe kwangu! Mzambarau wa mama ulisimama hapahapa mlangoni. Enzi hizo mvua ilinyesha, maji yakaishia mizizini, sisi tukala zambarau hadi ndimi zikawa rangi ya wino. Niliukata mwenyewe, nikamwaga zege nipate pa kuegesha gari. Udongo ukabaki penye kisiki tu. Gari sijanunua. Yanayoegesha ni maji, sebuleni.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni mali. Bila shaka wanatafuta panapotuama maji. Basi yatatuama! Dada yangu, ninayeishi naye, kauliza ndoo zote hizi za nini. Nikasema naosha ua. Kasema hajawahi kuniona nikifua hata soksi.

Jumatano, 5 Machi
Ndoo ishirini alfajiri! Mgongo sina. Bwana Miti kaja, kachimba kishimo penye kisiki, kamimina maji, kaangalia saa. Kumbe anapima udongo unavyokunywa! Wangu ulishashiba, haukumeza hata tone. Wa Fundi ulibugia yote. Mche kapewa yeye. Kanipa pole huku anatabasamu. Mnafiki. Dada kasema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua kubwa. Kwa Fundi maji yalizama shimoni kimyakimya. Kwangu yaliingia bila hodi, yakalowesha kiti cha mama. Nimelia. Nimemwambia Dada ni paa linavuja.

Jumamosi, 15 Machi
Fundi kaja na kopo. Ndani mche wa mzambarau! Kasema umejiotea nyuma ya nyumba yake, kwa mbegu za mzambarau wa mama, kama zile tulizokuwa tukitemeana ukutani utotoni. Nikalipokea kopo kwa mikono miwili. Kanisihi nivunje zege lote, mti upate kunywa.

Jumapili, 16 Machi
Nimeupanda. Fundi mtu mwema, ila wivu hauna dawa: anataka ua wangu uwe tope. Nimeongeza zege hadi shinani, pote panang'aa kama sinia. Mama alipenda usafi. Na gari, likija, litapata kivuli.