Pipa Lililoonjwa Mpaka Likaisha

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ladha za Vinywaji Vikali, ambaye ameshindwa kufika lakini ametuma kiti chake, Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi, ambaye amefika lakini kichwa kinamuuma kwa sababu za kikazi, Ndugu Mhasibu, Ndugu Mwanasheria wa Idara, ambaye miwani hiyo nyeusi ameivaa kwa ushauri wa daktari, Ndugu Dereva, waheshimiwa wenye karakana ndogo za wiski, ramu, jini na vinywaji vyote vya kunywewa polepole na watu wenye akili zao, mama zangu, baba zangu, dada zangu, shemeji zangu, na ninyi mlioegemea ukuta kwa kuwa viti vimekwisha, na kwa namna ya pekee kabisa, mjane wa marehemu seremala wa mapipa, mama yetu mpendwa, Mama Mapipa: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ijizingatie yenyewe huku mimi nikiendelea.

(Makofi ya watu wawili. Mmoja alikuwa anaua mbu.)

Ndugu zangu, mimi Mkurugenzi wenu nimesimama katika uwanja wa karakana ya Mama Mapipa, mbele ya mlango huu wa chuma ambao Idara yangu iliutia kufuli mwaka jana kwa nia njema kabisa, ili kuzindua rasmi Mradi Jumuishi wa Kimkakati wa Ukumbi wa Kisasa wa Kuonjea na Kupangia Madaraja Vinywaji Vikali, Awamu ya Kwanza. Tungefanyia shughuli hii ndani ya ukumbi wenyewe, lakini wataalamu wamenishauri kwamba rangi bado mbichi, na mimi ni kiongozi ninayesikiliza wataalamu.

(Sauti kutoka nyuma: "Ukumbi wenyewe uko wapi?" Sauti nyingine: "Mwache, ndiyo kwanza anasafisha koo.")

Kwa faida ya wale waliokuja kupumzisha miguu tu, nieleze usuli wa jambo hili. Kanuni inasema hakuna wiski itakayouzwa hotelini wala dukani bila muhuri wa daraja. Mama Mapipa hakuwa na muhuri, tukamfungia. Haikuwa chuki, ilikuwa sistimu. Tukamwambia, mama, toa sampuli, tuonje, tukupe daraja lako, na siku hiyo hiyo kufuli litatoka, wewe na binti zako mtarudi kwenye mtambo wenu. Na kwa kuwa tulimwomba sampuli iwe ya kutosha, Mama Mapipa, kwa uzalendo ambao sijawahi kuuona tangu niingie kwenye utumishi, akatuletea pipa zima: pipa la mwaloni, la mwisho alilolijaza mumewe kabla ya kufariki, lililolala gizani miaka yote hiyo bila mkono wa mtu kuligusa.

(Mama Mapipa, mstari wa mbele: "Sikuleta, baba. Mlikuja na lori mkalibeba." Kicheko.)

Tulilisaidia kufika. Hiyo ndiyo inaitwa logistiki.

Sasa, ndugu zangu, watu wengi hawaelewi uzito wa kazi ya kuonja. Wanadhani kuonja ni kunywa. (Uwanja mzima: "Kumbe siyo?") Siyo! Anayekunywa anajifurahisha, anayeonja anateseka kwa niaba ya wengine. Kamati ya Ladha, niliyoiunda mimi, nikaiteua mimi na kuiongoza mimi bila kinyongo, ilikuwa na wajumbe watano wenye kapasiti. Mimi, kama mnavyojua, wiski yangu naitaka kavu, bila barafu, bila maji, yenye moshi kwa mbali kama shati la mtu aliyekaa karibu na jiko. Naibu wangu, ambaye ninamheshimu katika mambo mengine, anatia barafu. Barafu, ndugu zangu! Anaijaza bilauri mpaka kinywaji kinaomba nafasi ya kupita. Mhasibu anachanganya na soda ya tangawizi, halafu analalamika kwamba kila kitu kina ladha ya tangawizi. Mwanasheria ni mtu wa konyaki tangu ujana wake, na ukimpa wiski yoyote atakwambia ni nzuri ila siyo konyaki, jambo ambalo kisheria ni kweli. Dereva tulimweka awakilishe mwananchi wa kawaida. Yeye ni mtu wa ramu, na ana namna yake ya kunusa kwanza, muda mrefu, amefumba macho, mpaka unataka kumpa pole.

(Mke wa Dereva: "Na nyumbani anarudi amefumba hivyo hivyo! Anagonga mlango wa jirani!")

Ahsante, shemeji, fidbaki yako imepokelewa.

Kanuni, ambayo niliiandika mwenyewe, inataka daraja litolewe kwa kauli moja. Na hapo ndipo changamoto ilipozaliwa. Kikao cha kwanza mimi nikasema hii ni daraja la kwanza. Naibu akasema hawezi kutoa maoni barafu haijayeyuka. Ilipoyeyuka akasema wiski ina maji. Mhasibu akasema ina tangawizi. Tukaahirisha. Kikao cha pili Mwanasheria akahoji kama ladha ya jana inaweza kutumika kama ushahidi leo, akajijibu mwenyewe kwamba haiwezi, kwa sababu ulimi ni ule ule lakini siku si ile ile. Ikabidi tuanze upya. Na kila kuanza upya, mama zangu, kunahitaji bilauri safi, na bilauri safi lazima ijae kidogo ndipo rangi ionekane vizuri, na rangi ikishaonekana huwezi kuirudisha kwenye pipa, huo utakuwa uchafu. Tukafanya warsha. Tukafanya semina ya kutathmini warsha. Takwimu zinaonyesha kwamba kufikia robo ya pili ya mwaka asilimia sitini na tatu ya wajumbe walikuwa wamekubaliana.

(Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni: "Wajumbe si watano? Hiyo asilimia mmeipata wapi, mmemkata mtu?" Kicheko kirefu. Naibu ameshika kichwa.)

Hizo ni takwimu za kitaalamu, dada yangu, hazihesabiwi kwa vidole. Tuendelee. Wapo waliouliza, tena kwa nia mbaya, mbona waonjaji wa kwingine huonja wakatema kwenye ndoo. Swali hilo Kamati ililijadili kwa kina na kwa uchungu. Tukasema, je, sisi ni nani mpaka jasho la marehemu tulitemee kwenye ndoo? Mjane amekaa nyumbani anasubiri, halafu sisi tunatema? Tukapitisha azimio kwamba kutema ni upotevu wa rasilimali, na kwamba kila mjumbe atabeba mzigo wake mpaka tumboni. Na tuliubeba.

(Mama Mapipa: "Baba, mimi nauliza kitu kimoja tu. Pipa langu lina kiasi gani sasa?")

Swali zuri sana, mama, na nimefurahi umeuliza kwa utulivu. Kama unavyojua wewe mwenyewe, maana uliwaeleza vijana wangu siku ile walipokuja na lori, kinywaji kikilala ndani ya pipa kila mwaka hupungua kidogo, kinapenya kwenye mbao kinakwenda na hewa. Ni sayansi. Idara imefanya uchunguzi na kubaini kwamba katika kipindi cha tathmini hewa ilichukua fungu lake, na kwa bahati mbaya, kutokana na mabadiliko ya hali ya hewa, fungu lenyewe lilikuwa lote.

(Kelele. Mama Mapipa amesimama. "Hewa yenyewe ina tumbo? Mbona naona vifungo vya koti lako vinavutana?" Watu wanapiga viti kwa viganja. Spika inapiga mluzi.)

Utulivu, ndugu zangu! Utulivu! Pipa kama pipa lipo, na lipo salama. Liko sebuleni kwangu. Tumeliwekea kioo juu, limekuwa meza ya heshima, wageni wanalisifu.

("Meza!" Watu wameanza kuinuka. Mama Mapipa amewainulia mkono wakae. Amesogea mpaka karibu na kipaza sauti, akaongea kwa sauti ya mtu aliyeko jikoni kwake: "Kaeni, jamani. Imekwisha, imekwisha, siwezi kumkamua. Mkurugenzi, niambie basi ilikuwaje. Mimi sijawahi kuionja. Mwenyewe alisema tutaifungua pamoja tukishazeeka, tukae pale mlangoni, tunywe kidogo kidogo, tuwaseme watu.")

Mama, taarifa kamili ya kitaalamu itawasilishwa kwa...

("Sitaki taarifa. Ilikuwaje?")

(Mkurugenzi amekunja karatasi zake. Amevua miwani.)

Ilikuwa haina haraka, mama. Ukiiweka mdomoni kwanza unadhani wamekupa maji, unataka kulalamika. Halafu inafika katikati ya ulimi, inakaa. Inakuja asali, lakini ile ya chini kabisa ya mzinga, yenye uchungu kidogo. Ukishameza ndiyo inaanza kunukia mbao, mbao mbichi, kama umepita karibu na mtu anayepiga randa. Mimi nimekunywa vya kila aina, mama. Vya kwenye ndege, vya kwenye mikutano, vya kupewa na watu wanaotaka kitu. Vyote nimekunywa huku naongea. Hii niliinywa nikanyamaza. Siku moja hata Naibu aliacha barafu. Hakuna aliyemwambia. Aliiangalia ile bilauri, akaisukuma ile barafu pembeni, akanywa hivyo hivyo, machozi yakamtoka akasema ni mafua.

(Naibu, bila kuinua kichwa: "Yalikuwa mafua.")

(Mama Mapipa: "Alikuwa anapiga randa alfajiri. Nikimpelekea chai, nakuta vumbi la mbao limeelea juu, anainywa hivyo hivyo. Namwambia, wewe mume wangu ni mchwa?" Amecheka peke yake. "Kwa hiyo mlikubaliana?")

Tulikubaliana. Siku ile ile, wote watano, kwa kauli moja, Mhasibu hata soda hakufungua. Daraja la kwanza, sifa ya juu kabisa.

("Basi nipe muhuri wangu, mnifungulie mlango.")

(Mkurugenzi amevaa tena miwani, amekunjua karatasi.)

Na hapa, ndugu wananchi, ndipo inapojitokeza changamoto ndogo ya kiutekelezaji, kwa kuwa kanuni inaelekeza bayana kwamba muhuri ugongwe mbele ya sampuli iliyoafikiwa, na sampuli iliyoafikiwa ilikuwa bilauri ya mwisho, na wakati tunanyoosha mikono kupiga kura bilauri hiyo alikuwa nayo Dereva. (Dereva amefumba macho.) Kwa hiyo kitaalamu tuna daraja lisilo na kinywaji, na kinywaji kisicho na ushahidi. Lakini Idara yangu haikati tamaa! Ninayo furaha kutangaza Awamu ya Pili, ambapo kila mwenye karakana, kuanzia wiki ijayo, ataombwa kuchangia pipa moja, na aliye na mawili tutashirikiana naye kwa ukaribu zaidi! Nikisema "Ladha," mseme "Yetu sote!" Ladha!

(Uwanja: "Yenu wenyewe!")

Pipa!

("Lirudi!")

Ukumbi!

("Uko wapi?")

Naona hamasa ni kubwa. Basi kwa kumalizia, nawashukuru wafadhili wetu, ambao tunaendelea kuwatafuta. Namshukuru mkandarasi, ambaye hakutusumbua hata siku moja kwa kuwa hakuajiriwa. Nawashukuru mafundi rangi, maana ile rangi niliyosema ni mbichi ni mbichi kweli, imo dukani ndani ya kopo. Namshukuru Mwenyekiti wa Bodi, ambaye tukimpata tutampa kile kiti. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe, Mama Mapipa, kwa sababu, nikisema lile neno la kweli ambalo hotuba kama hii huliweka mwisho watu wakiwa wanatafuta viatu vyao, ukumbi haukuwahi kuwepo, Bodi haikuwahi kukaa, muhuri haujawahi kuchongwa, na Mradi wote, kuanzia upembuzi yakinifu mpaka tathmini, ulikuwa ni pipa lako.

(Mama Mapipa: "Muhuri hamna?")

Haujachongwa, mama.

("Bodi hamna?")

Kuna kiti.

("Haya. Hili kufuli mlangoni kwangu ni la nani?")

Hilo, mama, ni swali mtambuka, nitaliwasilisha...

(Fundi mageti wa jirani amekwishampa Mama Mapipa nyundo. Binti zake wawili wameshika komeo. Pigo la kwanza.)

...nitaliwasilisha katika ngazi husika, na naomba anayegonga agonge kwa kuzingatia kwamba hotuba bado...

(Pigo la pili. Kufuli limeanguka. Mlango wa chuma umelia, umefunguka, na harufu ya mbao iliyofungiwa mwaka mzima imetoka nje. Watu wanaingia, kila mmoja na kiti chake kichwani. Binti mkubwa anauliza kuni za mtambo ziko wapi. Dereva naye ameingia, anasema anataka kunusa tu.)

...bado haijafika tamati. Asanteni. Asanteni sana kwa kunisikiliza kwa makini. Naona tumebaki mimi na Naibu, na Naibu amelala. Ladha...

(Mama Mapipa, kutoka ndani, huku anafuta mtambo kwa upande wa gauni lake: "Mkurugenzi! Ukimaliza kuongea kaniletee pipa langu. Hicho kioo chako kitoe, mume wangu hakutengeneza meza. Na ukirudi uje na mikono mitupu ya kufanya kazi, kuna shayiri ya wiski mpya ya kuloweka na kugeuza, utakula na sisi.")

Hilo nalo, ndugu zangu, limepokelewa na litafanyiwa... Ndiyo, mama. Leo, mama. Naenda sasa hivi.