Nilivyowaita Watani kwenye Msiba wa Mbwa

Leo nimezikwa nikiwa mzima. Mchana kweupe, karibu na soko, na watu wa Tabora wakaja na viti vyao.

Ninawaandikia mwenyewe, jamaa zangu wa Nzega, kabla lori la pamba halijawaletea habari hii ikiwa imeota mkia. Dereva wa lori lile alikuwapo. Alicheka mpaka akakaa chini. Basi isikieni kwangu, kwa utaratibu, kama ilivyokuwa.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni karani wa mbwa. (Mama huwaambia wenzake kanisani kwamba mwanawe yuko serikalini. Haongezi neno, nami simsaidii kuongeza.) Sheria ya mji inataka kila mbwa avae kibati shingoni, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, na kibati hulipiwa ada. Watu wa mji huu ni werevu. Walipotambua kwamba anayelipa ni mwenye mbwa, siku ileile Tabora haikuwa tena na mwenye mbwa hata mmoja. Mbwa analala mlangoni pako, anakula mifupa yako, anakubwekea wageni wako, lakini ukiulizwa, humjui. Labda ni mpita njia kutoka Itetemia.

Askari wakawakusanya wapita njia hao, wakaniletea mimi. Banda letu ni ghala la zamani la ngozi, kando ya njia ile waliyopita babu zetu na misafara, mizigo kichwani. Lilijengwa kwa ajili ya ng'ombe waliokwisha kufa, ambao hawahitaji nafasi. Mbwa walitiwa humo mpaka wa juu wakawalalia wa chini. Akijikuna mmoja, walitikisika wote. Na kwa kuwa kuta bado zinanuka ngozi, walishinda wakizilamba kwa matumaini.

Jumatatu akaja Bwana Mifugo, Mzungu wetu, mtu ambaye Tabora haijawahi kuyaona meno yake. Akachungulia. Akaziba pua. Akasema Jumamosi saa sita mchana banda liwe tupu. Anayetaka mbwa na amchukue, kibati cha kwanza atapewa bure. Watakaobaki watapigwa risasi.

Na wa kuwatoa mmoja mmoja na kuwashikia kamba bunduki ikielekezwa ni nani? Karani wa mbwa.

Sasa mimi ni mtu wa mpangilio. Kila mbwa aliyeingia nilimpa jina ili nisiwachanganye. (Nasaha ya bure: usimpe jina kiumbe ambaye huenda ukaja kumshikia kamba ya kifo.) Mmoja nilimwita Hakimu. Ni mzee, rangi ya vumbi, sikio moja, na humtazama kila mtu kana kwamba ushahidi wake haujamridhisha. Kila asubuhi nilipofungua mlango nilimkuta amekaa tayari tuanze kesi. Kumshikia Hakimu kamba nisingeweza. Kwa hiyo nilisimama mbele ya Bwana Mifugo nikasema, "Niachie mimi, Bwana. Watachukuliwa wote." Kinywa hiki kitaniua, na kama mtakavyoona, kimeshajaribu.

Nikabandika tangazo sokoni: mbwa wanatolewa bure. Watu walilisoma kwa makini, waliosoma wakawasomea wasiosoma, kisha wote wakaja kuniuliza mbwa hao wana ugonjwa gani. Muuza vitambaa mmoja aliuliza kama mbwa anakuja na mnyororo wake. Nikasema hapana. Akaondoka amekasirika, kama mtu aliyepunjwa. Hadi jana jioni banda lilikuwa limepungua mbwa mmoja, na huyo alitoroka.

Ndipo nikapata wazo. (Hapa ndipo mlipaswa kuwapo mnizuie.)

Nikawakumbuka watani zetu Wazaramo, wale wanaofanya kazi kwenye reli. Utani wetu ni wa tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana mbele za watu, hukuvua kofia akaivaa yeye, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Lakini ukifiwa, mtani ndiye wa kwanza kufika. Huchimba kaburi, huwachekesha wafiwa, na akiondoka haondoki mikono mitupu. Sharti abebe kitu cha marehemu. Sharti! Nililala nikilipapasa neno hilo kama mtoto na andazi.

Asubuhi ya leo nikapeleka habari kwenye nyumba za reli: kuna msiba kwa Karani wa mbwa, watani njooni. Kisha nikatoa meza yangu nje ya banda, nikaitandika kitambaa cheupe cha merekani kwa heshima ya tukio, nikaketi nimekunja uso.

Wakaja kundi zima. Mbele yao Kondo, fundi wa breki za mabehewa, mtu mfupi mwenye sauti ya kusimamisha treni bila kugusa breki. Walikuwa na majembe na sepetu. Walikuja kuchimba kaburi. (Hapo aibu ilipaswa kunishika. Ilichelewa.)

"Pole sana, mtani," akasema Kondo, kofia mkononi. "Nani ametutoka?"

"Hawajatoka bado. Watatoka saa sita."

Nikaufungua mlango kidogo. Hakimu akatoa kichwa, akamkagua Kondo, hakuridhika. Nami nikaeleza shauri langu lote: kwamba wamo humu marehemu wengi watarajiwa, na kwa mila zetu kila mtani achague kitu cha kubeba, na kwa bahati njema vitu vya leo vina miguu, havitamchosha mtu.

Kondo alichungulia ndani kwa muda mrefu. Akampa mwenzake jembe.

"Marehemu wanatikisa mikia," akasema. "Babu zenu walipita kwetu na pembe kichwani wakiomba maji. Leo wajukuu mnaomba tuwabebee mbwa."

"Na babu zenu maji hayo waliyauza," nikamjibu, nikidhani huo ndio utani wenyewe. Kumbe ulikuwa utangulizi.

"Sikiliza, Karani. Tumeomba ruhusa kazini. Tumebeba majembe juani. Hatuwezi kurudi reli tukasema tumezika hewa. Msiba umetangazwa, maiti lazima apatikane." Akaanza kunitazama kutoka viatuni kwenda juu, taratibu, kama seremala anayepima ubao.

Nilielewa nikiwa nimeshachelewa. Wawili walinishika miguu, wawili mabega. Kitambaa cha mezani kikawa sanda. Nikaviringishwa mpaka kidevuni, nikainuliwa, tukaanza kulizunguka soko. Wazaramo wale walilia! Walilia vizuri kuliko nitakavyoliliwa siku yenyewe. Nikawaambia kwa heshima kwamba niko kazini, nina dhamana ya mali ya serikali.

"Maiti huyu ana maneno," akasema mmoja wa wabebaji.

"Alikuwa hivyohivyo hata kabla," akajibu mwenzake.

Kukasirika siwezi, ni utani. Kucheka siwezi, ni mimi. Nikafumba macho, kama inavyostahili.

Tuliporudi kwenye banda tulikuwa na soko zima nyuma yetu. Wakaniingiza ndani, wakanilaza katikati ya mbwa, wakaufunga mlango kwa ufunguo walioutoa mfukoni mwangu. Ndani ya dakika chache nilikuwa nimelambwa pale ambapo hata sabuni haijawahi kufika. Hakimu akaketi karibu na kichwa changu, kama mfiwa mkuu.

Kondo akapanda juu ya meza yangu, akatoa wasifu wa marehemu. Akasema nilikuwa mtu wa utaratibu sana, nikila wali nilianza na punje za upande wa kulia. Akasema nilionja karanga za soko lote bila kununua, nikidai natafuta zilizo bora. Watu walithibitisha. Kisha akashusha sauti.

"Marehemu ameacha yatima," akasema. "Wamejaa humu ndani mpaka hawana pa kukanyaga. Saa sita watauawa. Na mila mnazijua: yatima hugawiwa ndugu. Dirisha hili hapa. Anayetaka kumwona marehemu kwa mara ya mwisho, ruhusa. Lakini hakaribii mtu dirishani bila kamba mkononi, na haondoki bila yatima."

Na nani asiyetaka kuniona? Muuza karanga alikuwa wa kwanza. Aliniangalia, akaridhika, akapewa jike la madoa na kibati. Dereva wa lori lenu akachukua mmoja wa kulinda pamba, akaomba kuniona mara ya pili, akaambiwa basi achukue wa pili, akachukua. Muuza vitambaa alikuja bila kuuliza habari ya mnyororo. Mzee mmoja, aliyewahi kuniapia kwamba tangu azaliwe hajafuga mbwa, alirukiwa na kulambwa uso na mbwa mweusi aliyemjua vizuri sana. "Yatima huyu amenipenda," akasema mzee, akakifumbata kibati chake cha bure mkononi. Hakuwa peke yake. Wengi walichukua yatima ambao, kwa bahati ya ajabu, walikuwa tayari wanajua njia ya nyumbani.

Banda likawa linapumua. Nikauona ukuta wa pili, ambao sikuwa nimeuona tangu mwezi uliopita. Halafu kamba zikakoma kuja. Tulibaki wawili: mimi na Hakimu.

Kondo alimsifu mpaka sauti ikakwaruza. Watu wakatazama sikio lililobaki, meno yaliyobaki, wakatazamana. Mmoja akasema huyo hata mwizi atamhurumia. Kutoka upande wa boma tukasikia gari la Bwana Mifugo linakuja.

Nikainuka na sanda yangu, nikashika nondo za dirisha. "Mchukueni na huyu, jamaa," nikasema. "Hali chakula kingi. Habweki ovyo. Mchukueni tu." Nadhani niliomba vibaya, kwa sauti isiyo ya utani, maana kicheko kilikatika, na Kondo akatazama chini.

"Pisheni," ikasema sauti nyuma yao.

Alikuwa Mama Maganga, mke wangu, na kikapu chake. Mtoto wa jirani alikuwa amemwambia, "Mumeo amekufa, njoo ucheke." Alinitazama kupitia dirishani. Aliitazama sanda, akakitambua kitambaa chake kilichopotea tangu Pasaka.

"Mjane, pole," akasema Kondo. "Wamebaki wawili. Unamchukua yupi?"

"Huyu wa sikio moja anauma?"

"Hapana, shemeji."

"Anakoroma?"

"Hapana," nikasema mimi, kwa kutaka kusaidia.

"Sikukuuliza wewe," akasema Mama Maganga. "Basi nipe huyo."

Mlango ukafunguliwa, Hakimu akatoka, mlango ukafungwa. Mlango ukafungwa, nasema! Nikawa peke yangu bandani wakati gari linasimama na Bwana Mifugo anashuka na askari mwenye bunduki.

"Karani wapi?"

"Amefariki, Bwana," akasema Kondo, kofia mkononi tena. "Banda ni tupu. Amebaki mmoja tu. Hana kibati, na mwenyewe hajulikani."

Bwana Mifugo akaja dirishani. Tukatazamana. Akaitazama saa yake. Akaitazama sanda, yenye mate kuanzia shingoni mpaka magotini.

"Kali?" akauliza.

"Si mkali, Bwana. Anaandika tu."

Basi leo Tabora imeyaona meno ya Bwana Mifugo. Ni mengi kuliko tulivyodhani. Alicheka akishikilia nondo zilezile nilizoshikilia mimi, na askari akaweka bunduki chini ili acheke kwa mikono miwili.

Sijui ningekaa humo mpaka lini. Aliyeniokoa ni Hakimu. Mama Maganga alikuwa amefika naye barabarani, mbwa akaketi chini, akagoma. Alivutwa, hakusogea. Alibembelezwa kwa kipande cha muhogo kutoka kikapuni, akakila, hakusogea. Kisha akainua kichwa kuelekea banda akalia mlio mmoja mrefu, mbaya, ambao sijawahi kuusikia kwake. Mke wangu akarudi.

"Mfungueni," akasema. "Mbwa wangu anamtaka."

Nikatolewa. Kondo akasema sheria ni sheria, hakuna anayetoka kwenye banda bila kibati, akanifunga shingoni kile cha mwisho kwa waya wa reli. Bwana Mifugo alikuwa amesimama palepale. Hakupinga. Tukapita sokoni kwenda nyumbani: mbele Mama Maganga, nyuma yake Hakimu, na nyuma ya Hakimu mimi. Watu walitupigia makofi. Yalikuwa ya Hakimu, lakini niliitikia.

Sasa ni jioni. Hakimu amelala juu ya miguu yangu, na wala hajafurahishwa na mwandiko huu. Kibati bado kiko shingoni, kwa kuwa waya ule unahitaji koleo na koleo liko kwa Kondo. Nilipopita kulifunga banda nilikuta mlangoni pamefungwa mbwa wapya, hawana vibati, wamekaa kwa mstari. Inaonekana habari imeenea kwamba kwa Karani yatima hupata kwao haraka.

Msicheke, jamaa. Kondo ameshaleta salamu kuuliza kama Jumamosi ijayo nitapata nafasi ya kufa. Nimemjibu kwamba nafasi ipo, ila sanda waje nayo wao. Ile ya leo Mama Maganga ameshaitandika juu ya meza ya chakula, na amesema anayeona kinyaa akale bandani.