Hodhi Aliloogea Malkia

Mji mkongwe wote ulimwita Kinanda, maana ukimgusa tu anaanza kulia, na akilia yeye, mfuko wako unafunguka wenyewe. Asubuhi moja alikaa kizingitini akitazama bati la nyumba yake, lenye matundu kama chujio la chai. Nyuma yake mkewe, Mama Bata, alikuwa akimsomea hukumu.

"Mwaka jana nililala na sufuria kifuani. Mwaka huu tone moja likinidondokea, mimi na bata wangu tunahamia kwa dada."

"Bati litakuja, mke wangu."

"Litakuja kwa miguu yake?"

Hapo wakatokea watalii wawili waliopotea. Si kosa lao. Vibao vya mitaa wakubwa wa mji waliving'oa wavipake rangi, na hiyo rangi mpaka leo iko kwenye mkutano. Watalii wakachungulia uani, wakaliona lile hodhi la kuogea la chuma, kuukuu, ambamo bata walikuwa wakijinafasi. Wakalipiga picha kumi na moja. Kinanda alihesabu. Mkewe tangu aolewe hajapigwa hata tano.

Kesho yake kibao kikaning'inia mlangoni: HAPA ALIOGA MALKIA. Malkia gani? Mtu mwenye adabu haulizi habari za mwanamke aliye bafuni.

Wageni wakamiminika na viingilio vyao. Siku ya sita mabati yalikuwa yameshachaguliwa dukani, yamebaki kubebwa tu. Ndipo akaja Afisa wa Mambo ya Kale, faili kwapani, na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope la mtaa wowote anaousimamia.

"Nyumba zenye historia ya kweli," alisema, "serikali imezitengea fungu."

Mwenye akili angejibu kwamba Malkia aliogea mtaa wa pili. Lakini neno fungu lilishamwingia Kinanda kichwani kama pombe ya bure.

"Karibu sana, mheshimiwa! Hao bata unaowaona ni kizazi cha saba cha bata wa Malkia mwenyewe."

Afisa akaandika. "Na bati?"

"Lilelile la siku ile."

"Mbona lina matundu?"

Mama Bata akamfinya mumewe. Hakusikia.

"Risasi, mheshimiwa! Maadui walimvizia ana sabuni machoni."

Afisa akavua miwani. "Walimpata?"

"Waliona aibu, wakapiga juu."

Afisa akajifuta jicho, akamsogezea karatasi. Kinanda akaitia sahihi mbiombio, kama bwana harusi anayeogopa bibi harusi atabadili mawazo. Kisha ndipo ikasomwa: nyumba ni urithi wa umma, isigongwe hata msumari mmoja, tundu lolote la risasi lisizibwe, bata wasihamishwe.

"Na lile fungu?"

"La mlinzi. Na la mafuta ya gari langu, nije kukagua."

Mvua ikanyesha kabla ya wakati wake. Tone la kwanza likamtua Mama Bata puani. Alikunja godoro akajitwika kichwani. Bata walibaki, kwa kuwa wao wameandikwa kwenye faili. Mke hakuandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyemzuia.

Kinanda akamfuata hadi kwa dada yake, akasimama chini ya dirisha akilowa.

"Rudi, mama. Nyumba imepoa."

"Imepoa au imeloa? Kaoge na Malkia!"

Dirisha likafungwa. Mke akishaondoka ndipo mwanaume anajua nyumba yake ilikuwa imeezekwa na nini.

Akarudi anatetemeka, amelowa chepechepe. Mlangoni kwake alikaa mlinzi wa manispaa, koti jipya la mvua, kitabu cha tiketi mapajani.

"Tiketi, mzee."

"Tiketi ya nini? Hapa ni kwangu!"

Mlinzi akaipekua karatasi yake, akalipata jina, akatabasamu kwa heshima zote.

"Kweli, mzee wangu, nisamehe. Wenyeji ni nusu bei."